Kuanzisha bustani ya mboga ya nyumbani kabla ya masika: mwongozo kamili kwa wakazi wa Dar es Salaam na Pwani

Wakazi wengi wa Dar es Salaam na Pwani hushika jembe baada ya kusikia mvua ya kwanza ya Machi ikigonga bati. Kwa bustani ya mboga nyuma ya nyumba, mtu huyo amekwisha kuchelewa kwa wiki nyingi. Mche wa sukuma wiki huhitaji takriban wiki nne kitaluni kabla ya kuhamishwa, mche wa nyanya chungu wiki tano hadi sita, na samadi mbichi huhitaji miezi kadhaa ya kuoza kabla haijafaa kuchanganywa na udongo. Anayesia mbegu katikati ya Machi huhamisha miche katikati ya Aprili, mwezi ambao kwa kawaida hunyesha kuliko miezi yote ya mwaka katika ukanda huu, wakati udongo umekuwa tope na mche mlaini hupigwa na matone mpaka ukalala chini.

Mwongozo huu unahusu hasa kazi za kuanzia Desemba hadi mwisho wa Machi. Kuwahi kunakozungumziwa hapa ni kumaliza kazi ya udongo, maji na kitalu wakati wa kiangazi, ili mvua ikute miche iliyokwisha kushika ardhini. Yapo mazao ambayo hayastahili kuwahishwa hata kidogo, na nyanya ndiyo ya kwanza katika orodha hiyo, kama itakavyoelezwa mbele.

Tarehe zinazotajwa zinafuata Dar es Salaam na maeneo yanayoizunguka, ambako masika huwa kati ya Machi na Mei. Msomaji wa Arusha au Moshi anaweza kuzitumia kwa marekebisho madogo, akikumbuka kwamba baridi ya huko hurefusha muda wa miche kitaluni. Mombasa mvua kubwa huchelewa na kilele chake huwa Mei, hivyo ratiba isogezwe mbele kwa wiki mbili au tatu. Dodoma, Singida, Iringa na Mbeya zina msimu mmoja wa mvua unaoanza Novemba au Desemba. Huko kanuni ni zilezile lakini kalenda ni nyingine kabisa. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mwelekeo wa mvua za masika kabla ya msimu, nao ni vyema kuusikiliza kabla ya kupanga wiki ya kuhamisha miche.

Mahali pa bustani

Mboga huhitaji jua la moja kwa moja kwa saa sita au zaidi kwa siku. Simama uani saa tatu asubuhi, saa sita mchana na saa tisa alasiri, uangalie kivuli cha nyumba, ukuta na miti kinaangukia wapi. Epuka eneo lililo chini ya mwembe au karibu na mkaratusi, kwa sababu mizizi ya miti hiyo huyafikia maji kabla ya mboga. Epuka pia mstari ambapo maji ya paa hudondoka, kwani mvua ya Aprili itachimba mfereji katikati ya tuta, pamoja na sehemu iliyo jirani na shimo la maji taka.

Uzio ujengwe kabla ya tuta la kwanza. Kuku wawili wa jirani humaliza kitalu kizima kwa asubuhi moja, kwa kuwa udongo uliolainishwa na kumwagiliwa ndio hasa wanaoutafuta wakati wa kiangazi. Wavu wa kuku uliozikwa sentimita kumi ardhini unatosha, na asiyeweza kuununua anaweza kusuka fito na makuti.

Maji ndiyo yanayoamua ukubwa

Katika jua la Januari na Februari, mita moja ya mraba ya mboga zinazokua hutumia kati ya lita 5 na 8 za maji kwa siku. Tuta lenye upana wa mita 1 na urefu wa mita 5 kwa hiyo linadai lita 25 hadi 40, yaani ndoo moja na zaidi kidogo hadi ndoo mbili za lita 20, kila siku, mpaka mvua zianze. Anayenunua maji kwa ndoo afanye hesabu hiyo kabla ya kulima. Kwa familia inayoanza, matuta mawili ya ukubwa huo yanatosha kabisa, na katika miezi ya ukavu si lazima yote mawili yapandwe. Linaloweza kufanyika ni kulima matuta mawili, kuweka kitalu cha mita moja au mbili za mraba, na kuliacha eneo lililobaki likiwa limefunikwa kwa majani makavu likisubiri mvua.

Wanaotumia maji ya kisima wayaonje kwanza. Visima vingi vilivyo karibu na bahari vina chumvi, na dalili zake bustanini ni utando mweupe juu ya udongo pamoja na kingo za majani zinazoungua. Maharage, karoti na vitunguu havivumilii maji ya namna hiyo; spinachi na bitiruti huvumilia zaidi. Ikiwa maji yasiyo na chumvi ni machache, tumia ya kisima kwenye mboga zilizokomaa na uyahifadhi yale mengine kwa ajili ya kitalu, maana mche mchanga ndio unaoumizwa zaidi na chumvi.

Mwagilia asubuhi na mapema, na jua likikaza urudie alasiri. Mwaga maji chini, kwenye shina, na si juu ya majani.

Udongo na matuta

Sehemu kubwa ya Dar es Salaam ina udongo wa kichanga. Chukua udongo wenye unyevu, ufinyange mkononi: ukisambaratika mara unapofungua vidole ni kichanga, ukiviringika kuwa kamba ndefu isiyokatika ni mfinyanzi, na ukishikana kisha ukavunjika kwa kuguswa kidogo ni tifutifu, ambao ndio unaotakiwa. Kichanga na mfinyanzi, ingawa vina kasoro zinazopingana, hutibiwa kwa dawa moja, nayo ni samadi iliyooza au mboji kwa wingi.

Katika kichanga tumia ndoo moja ya lita 20 ya samadi ya ng'ombe au mbuzi kwa kila mita moja ya mraba. Kwa samadi ya kuku robo ya kiasi hicho inatosha, kwa sababu ni kali na ikizidi huunguza mizizi. Samadi iliyoiva ni nyeusi, haina joto, na hunuka udongo. Inayonuka kinyesi bado ni mbichi, hata kama muuzaji anaapa kwamba imekaa mwaka mzima. Inunue kama bei ni nzuri, lakini irundike, ilowanishe na uisubiri.

Mboji ianzwe mapema, ikiwezekana Desemba. Rundo lisipungue mita moja kwa upana, urefu na kimo, kwa sababu rundo dogo halihifadhi joto. Panga tabaka la majani makavu, juu yake majani mabichi na maganda ya jikoni, kisha samadi kidogo na udongo, ukirudia mpangilio huo mpaka juu na kulowanisha kila tabaka. Choma kijiti kirefu katikati ya rundo na ukichomoe baada ya siku chache: kikiwa cha moto na chenye unyevu, kazi inaendelea, kikiwa kikavu, ongeza maji, kikiwa baridi na chenye uvundo, rundo limekosa hewa na linahitaji kugeuzwa. Ukiligeuza kila baada ya wiki mbili katika joto la pwani, mboji huwa tayari kwa muda wa miezi miwili hadi mitatu.

Lima kwa kina cha sentimita 30 mwezi Januari, udongo ukiwa na unyevu kidogo. Kulima tope ni kosa linalodumu msimu mzima, hasa penye mfinyanzi, kwani mabonge yanayotokea hukauka yakawa magumu na mizizi hushindwa kupenya. Ng'oa mizizi yote ya ukoka na ndago. Ndago isiyotolewa kiazi chake hurudi kwa nguvu baada ya mvua ya kwanza.

Umbo la tuta hutegemea wakati. Linalotumika wakati wa kiangazi liwe tuta la makingo, yaani liwe chini kidogo kuliko njia na kingo zake ziinuliwe ili maji yasikimbie. Linalosubiri masika liinuliwe sentimita 15 hadi 20 juu ya njia, na njia yenyewe iwe mtaro unaopeleka maji nje ya bustani. Tuta la makingo likifika Aprili bila kubadilishwa hugeuka dimbwi, hivyo mwishoni mwa Februari vunja zile kingo na upandishe udongo juu. Upana usizidi mita moja, ili mkono ufike katikati kutoka pande zote mbili bila mguu kukanyaga udongo uliolainishwa.

Mazao gani yawahi, yapi yasubiri

Mchicha, chainizi, sukuma wiki, spinachi, matembele, bamia, biringanya na nyanya chungu ndiyo mazao ya kutegemewa na mwenye bustani ya nyumbani katika msimu huu. Mchicha husiwa moja kwa moja kwenye tuta na huanza kuvunwa baada ya wiki tatu hadi nne, kwa hiyo unaweza kuvunwa hata kabla ya masika kuanza, ikiwa maji yapo. Sia mstari mmoja kila baada ya wiki mbili, badala ya kusia tuta zima siku moja kisha kugawia mtaa mzima mboga zilizokomaa pamoja. Mbegu zake ni ndogo mno. Changanya na mchanga mkavu ili zisirundikane, na uzifunike kwa udongo mwembamba tu.

Matembele hayana kitalu. Kata vipande vya sentimita 25 hadi 30 kutoka kwenye mashina machanga yanayotambaa, yenye afya, uvizike nusu ardhini mvua za kwanza zinapotulia, nawe utaendelea kuchuma kwa miezi mingi. Kwa maoni yangu, mtu mwenye muda mchache aanze na matembele na mchicha peke yake katika msimu wa kwanza, na asione haya.

Bamia huota haraka mbegu zikilowekwa usiku mmoja. Zipande moja kwa moja mwanzoni mwa Machi, mbili katika kila shimo, kwa nafasi ya sentimita 60 kati ya mistari na 30 kati ya mashimo, kisha ubakize mche mmoja ulio bora.

Sasa nyanya. Karibu kila anayeanza bustani huanza nayo, na karibu kila mwaka masika huimaliza. Nyanya iliyosiwa Januari huhamishwa Februari, hutoa maua katika joto la Machi ambalo huangusha sehemu ya maua hayo, na kufikia Aprili na Mei, matunda yanapokua, majani hukaa yameloa siku nzima na bakajani, ugonjwa wa ukungu unaokausha majani, huenea kutoka shina hadi shina kwa kasi ambayo dawa za nyumbani haziwezi kuizuia. Ongeza juu yake kantangaze, kiwavi ambaye amewasumbua wakulima wa nyanya nchini tangu mwaka 2014. Nyanya ya Pwani ina wakati wake, nao ni kipupwe, Juni hadi Agosti.

Mbegu

Nunua pakiti iliyofungwa, yenye lebo ya ubora na tarehe ya mwisho wa matumizi isiyopita. Tanzania kazi ya kuthibitisha ubora huo ni ya Taasisi ya Udhibiti wa Ubora wa Mbegu, TOSCI, na Kenya ni ya KEPHIS. Kataa pakiti iliyoanikwa juani mbele ya duka, hata kama tarehe yake ni nzuri, kwa sababu joto huua uhai wa mbegu.

Mbegu za zamani, au za kienyeji ulizopewa na jirani, zijaribu kabla ya kuzipa nafasi kitaluni. Panga mbegu 20 juu ya kitambaa chenye unyevu, kunja, weka ndani ya sahani iliyofunikwa mahali penye kivuli, na uhesabu zilizochipua baada ya wiki moja. Nyanya chungu na biringanya zipe siku chache zaidi. Zikifika 16, endelea. Zikiwa chini ya 10, tafuta nyingine.

Kitalu

Hii ndiyo sehemu inayostahili uangalifu kuliko zote, kwa sababu mche dhaifu hauponi baadaye hata ukipewa samadi ya namna gani.

Mwanzoni mwa Januari, tengeneza eneo la mita moja au mbili za mraba, changanya samadi iliyoiva, sawazisha kwa reki, lowanisha mpaka chini, kisha ufunike kwa nailoni angavu iliyobanwa kingo zote kwa udongo. Jua la kiangazi huchemsha udongo ule chini ya nailoni, na baada ya wiki nne hadi sita mbegu nyingi za magugu, vimelea vya ukungu na minyoo fundo (ile inayotia mizizi vinundu) iliyo karibu na uso hufa. Desturi ya kuchoma majani makavu juu ya kitalu hufanya kazi inayofanana, lakini moto wa juujuu haufiki mbali na huunguza mboji iliyo juu. Wasio na eneo wanaweza kutumia trei au makopo yaliyotobolewa chini, wakijaza mchanganyiko wa udongo sehemu mbili, samadi iliyoiva sehemu moja na mchanga sehemu moja.

Katikati ya Februari sia sukuma wiki na chainizi. Nyanya chungu na biringanya zitangulie kwa wiki moja au mbili, kwa kuwa huota na kukua taratibu. Chora mistari yenye kina cha sentimita moja, umbali wa sentimita 10 hadi 15 kati ya mstari na mstari, kwa kutumia kijiti kilichonyooka. Dondosha mbegu moja moja kwa vidole viwili, funika kwa udongo uliochekechwa, tandaza nyasi kavu nyembamba na umwagilie kwa keni yenye matundu madogo. Zungushia jivu pembeni, kwa sababu sisimizi hubeba mbegu ndogo mchana kweupe na mwenye bustani akabaki akimlaumu muuzaji.

Chunguza kitalu kila asubuhi kuanzia siku ya tatu. Mara unapoona mbegu za kwanza zimeinua udongo, ondoa nyasi siku hiyohiyo jioni. Nyasi zikiachwa siku mbili zaidi, miche hurefuka ikitafuta mwanga, hupauka, na shina lake huwa jembamba kama uzi. Badala ya nyasi, simamisha kichanja cha makuti chenye kimo cha mita moja, kitakachozuia jua la mchana na kuruhusu lile la asubuhi.

Ugonjwa wa kuogopwa hapa ni kinyausi. Mche ulioonekana mzima jana hukutwa umelala, shina lake limenywea pale linapogusana na udongo. Chanzo ni unyevu uliozidi, miche iliyosongamana na hewa isiyopita. Punguza miche ili kila mmoja uwe na sentimita tatu hadi tano, mwagilia asubuhi tu, na ukiona sehemu imeshambuliwa, ng'oa miche yote ya pale pamoja na udongo wake na uache pakauke. Mche ukikutwa umekatwa chini kana kwamba kwa kisu, mhalifu ni sota. Fukua udongo kandokando ya shina asubuhi utamkuta kiwavi mnene wa kijivu amejikunja, na dawa yake ni kumponda.

Siku saba hadi kumi kabla ya kuhamisha, anza kuikomaza miche. Ondoa makuti kidogokidogo mpaka miche ikae juani mchana kutwa, na upunguze maji bila kuiacha inyauke.

Kuhamisha miche

Mche uko tayari ukiwa na majani halisi manne hadi sita na shina lenye unene wa penseli nyembamba. Usikimbilie mvua ya kwanza. Mara nyingi mvua ya mwanzo wa Machi hunyesha siku moja au mbili kisha jua likarudi kwa wiki nzima, hivyo anayehamisha siku hiyo awe tayari kuendelea kubeba ndoo.

Fanya kazi hiyo jioni au siku ya mawingu. Mwagilia kitalu saa chache kabla, ng'oa mche pamoja na bonge la udongo kwa kutumia kijiko kikubwa au kipande cha mti, ukishika jani na si shina, kwa sababu jani likivunjika litaota jingine lakini shina likipondwa mche umekufa. Uzike kwa kina kilekile ulichokuwa nacho kitaluni, bana udongo kwa vidole na umwagilie papo hapo. Nafasi ya sukuma wiki ni sentimita 60 kwa 45, chainizi 30 kwa 30, na nyanya chungu na biringanya sentimita 75 kwa 60. Nafasi hizo huonekana kubwa mno siku ya kupanda, na mwenye bustani hushawishika kujaza miche katikati. Ajaze mchicha, ambao utakuwa umevunwa kabla majani ya wenzake hayajakutana.

Tandaza nyasi kavu au majani ya migomba kwa unene wa sentimita tano hadi nane, ukiacha nafasi ndogo kuzunguka shina. Katika wiki za mwisho za ukavu matandazo hayo hupunguza maji yanayopotea, na mvua kubwa ikija huzuia matone yasirushe udongo wenye vimelea kwenye majani.

Kwa asiye na ua

Kiroba cha kilo 50 au 100 hutoa mboga za kutosha nyumba ndogo. Chukua kopo kubwa la rangi lililoondolewa kitako, lisimamishe katikati ya kiroba na ulijaze kokoto. Jaza pembeni mchanganyiko wa udongo na samadi mpaka usawa wa kopo, kisha livute juu taratibu, kokoto zibaki zimesimama katikati, na urudie mpaka kiroba kijae. Nguzo hiyo ya kokoto ndiyo inayopeleka maji hadi chini; bila hiyo, miche ya juu hunywa yote na ya chini hukauka. Toboa matundu pembeni kwa mpangilio wa kupishana, umbali wa sentimita 20, upande sukuma wiki, spinachi au matembele humo na juu.

Mvua zikishashika

Kazi ya Aprili ni kutembelea mitaro kila baada ya mvua kubwa na kuizibua, kurudishia udongo uliosombwa kwenye mizizi, na kuchuma majani ya chini yaliyogusa ardhi au yenye madoa. Usiweke mbolea ya urea wakati mvua kubwa inatarajiwa, kwa kuwa sehemu yake kubwa hushuka chini ya mizizi. Vidukari, ambao hukusanyika chini ya majani machanga ya sukuma wiki, huondolewa kwa vidole au kwa maji ya mwarobaini: twanga kilo moja ya majani, loweka usiku mmoja katika lita kumi za maji, chuja, ongeza kijiko cha sabuni ya maji, na unyunyize jioni ambayo haina dalili ya mvua.

Mwishoni mwa Aprili, mboga za majani zikiwa zimekwisha kuvunwa mara kadhaa, andaa trei chini ya baraza lisilopigwa na mvua na usie nyanya. Tengeru 97 na Tanya, zilizotokana na kazi ya utafiti ya Tengeru mkoani Arusha, hupatikana katika maduka mengi ya pembejeo. Miche yake itakuwa tayari kwenda tutani mwanzoni mwa Juni, mvua zikiwa zimepungua na upepo wa kusi umeanza kupoza usiku.